Benchi la Wapakizi

Kama hujamwona Régine akiingia katika depo ya mtu asubuhi, bado hujaona mwanamke mwenye haraka. Buti za mpira mguuni, kitambaa kichwani, mkoba begani, na swali liko mdomoni kabla salamu haijaisha. Mwanzoni watu wengi wa mji wa Walikale hawakuielewa kazi yake. Walimjua kama muuguzi, na muuguzi kwao ni sindano. Sasa huyu anazungukia mapatron, wenye maduka na malori, akiwauliza: Patron, umeanzisha mpango wa kulinda afya ya wafanyakazi wako, vema, lakini je, unafanya kazi? Umejuaje? Njoo tuuangalie pamoja, palipooza tupatengeneze.

"Mama anatibu nini sasa?" walimtania sokoni. "Anatibu depo?"

"Ehe! Ninatibu depo!" naye alijibu, akicheka kuliko wao.

Sababu ya moto huo wote ilikuwa nyumbani kwao, imeegemea fimbo. Baba yake, Papa Byamungu, aliwahi kuwa kapita, mkubwa wa wapakizi, katika depo ya mchele na mawese iliyo kando ya barabara ya Kisangani. Alibeba magunia mpaka mgongo ukakunjika na ukakataa kukunjuka. Siku hizi anasuka vitunga barazani, na mtu mrefu akija kumsalimia, anamwangalia mkanda wa suruali. Kila asubuhi Régine alipomwona akipapasa viatu vyake kwa ncha ya fimbo, roho ilimuuma, na hapohapo alitamani kukimbia kazini.

Basi depo ile ile sasa ni ya Papa Katembo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mtu wa misa kila Jumapili na wa hesabu siku zilizobaki. Mbishi, lakini si mchoyo. Régine alipomweleza habari za migongo ya wapakizi, alitoa mbao akajenga kibanda kwenye ua wa depo, akaweka benchi refu, pipa la maji safi lenye bomba, na mikanda mipana ya kufunga kiuno. Akatangaza mbele ya wote: lori likijaa nusu, watu wakae, wanywe, wapumue, ndipo waendelee. Régine alifurahi hadi akaimba njiani. Mapatron wengine walikunja mikono wakisubiri kuona mambo ya Katembo yataishia wapi.

Yakaishia pabaya. Miezi ilipita, benchi likaota vumbi, na buibui akafunga nyumba yake kwenye bomba la pipa. Wapakizi waliendelea kushika viuno na kulala nyumbani kwa maumivu. Régine aliwauliza mmoja mmoja. Benchi iko muzuri? Iko muzuri sana, mama. Maji je? Maji iko safi, tunashukuru patron. Kila swali ndiyo, kila ndiyo na tabasamu. Hapo ndipo damu ilimchemka kweli.

Jumatano Papa Katembo alimwita.

"Mama Régine, mie niko muntu ya biashara. Kitu kama haina kazi, ninaitosha, ninaiondoa. Siku ya Ijumaa fuso ya Bukavu inakuja kupakia. Ikisha kuenda, ninabomoa hii kibanda, ninawekamo mucele."

"Papa Katembo, nipe nafasi nijue kwanza shida iko wapi."

"Shida iko wazi! Sikio ya kufa haisikiake dawa. Unayo mupaka Ijumaa."

Mpaka Ijumaa! Kibanda cha Katembo kikianguka, vya mapatron wengine havitasimama kamwe. Nani atamsikiliza tena Mama wa kutibu depo? Na migongo ya vijana wale itafuata njia ya mgongo anaoujua yeye. Régine alitoka pale akikaza mkoba begani. Akajiambia: nimeuliza vya kutosha, sasa nitumie macho.

Alhamisi lilikuwepo lori dogo la kupakia. Régine alinunua mandazi kwa mama mmoja mbele ya geti, akakaa hapo kama mtu asiye na shughuli. Jua lilikuwa kali baada ya mvua, ua mzima unatoa mvuke. Wapakizi wanaimba, magunia yanapanda. Mbele yao wote yuko Déo, kapita wa sasa, mtu wa kifua kipana, habebi gunia ila lile zito kuliko yote. Lori likafika nusu. Fiston, kijana anayeanzisha nyimbo, sauti ilishamkauka. Akasogea kwenye pipa. Akanyoosha mkono kwenye bomba. Kisha akageuza shingo, akamtazama Déo.

Déo akafuta jasho kwa kiwiko, akainama, akatupia gunia jingine begani.

Na Fiston akaurudisha mkono wake taratibu, akaufuta kwenye suruali kana kwamba hakuwa na haja ya maji hata kidogo. Akarudi kwenye foleni.

Régine nusura andazi limkwame kooni. Kumbe! Ee Mungu wangu, kumbe! Alisubiri kazi iishe, akamvuta Déo pembeni.

"Kaka Déo, niambie kweli. Juu ya nini haukunywe maji?"

Déo alicheka kwa aibu, akakuna kichwa. "Dada, patron iko na roho muzuri, hatuwezi kumusema mubaya. Lakini sheria ya hapa iko ya zamani. Kapita hanywake, haikalake kwenye benchi, mupaka gari ijae. Sasa kama kapita haikale, nani ataikala? Mudogo anywe mbele ya mukubwa? Hiyo ni kutukana muntu!"

Hata mtoto wa Walikale angelijua hilo. Nyumbani kwao Régine mwenyewe, hakuna aliyegusa kikombe kabla ya baba. Patron alitangaza kwa mdomo, yeye akafundisha kwa mdomo, mikanda ikagawiwa, na katika wote hao hakuna aliyekumbuka kwamba kwa wapakizi amri hutoka kwenye mwili wa kapita. Furaha ilimpanda Régine kama mtu aliyepata funguo zake.

"Hiyo sheria aliiweka nani? Nitaenda kumuona hata leo!"

Déo alimtolea macho. "Dada, unaniuliza mie? Si ni papa yako!"

Jamani. Mganga hajigangi. Alikuwa ametafuta ugonjwa depo nzima, na ugonjwa unakula naye sombe sahani moja.

Alifika nyumbani anahema. Papa Byamungu alikuwa barazani, kitunga katikati ya magoti. Régine alimweleza yote bila kukaa: pipa, buibui, mkono wa Fiston, na ombi lake. Kesho aje depo, akae kwenye benchi lile, anywe maji mbele ya wapakizi.

Mzee aliacha kusuka.

"Unataka nikuwe kitu ya kucheka? Mie, Byamungu, niikale wakati fuso inapakiwa? Mugongo yangu ilikulwa na kazi, Régine. Haikukulwa na benchi."

"Papa, hakuna muntu atacheka. Wanakuheshimia mupaka leo."

"Hiyo njo heshima yangu! Sikuikalaka! Watu walitoka mupaka Masisi kuniona nikibeba!"

Régine alihisi machozi na hasira vinagombania mlango mmoja. Hajawahi kumjibu baba yake kwa sauti ya juu, wala siku hiyo hakuipandisha. Alipiga magoti ili waonane usoni, maana baba hawezi kuinua uso.

"Papa, Déo anakufata. Kila kitu ulikuwa unafanya, anaifanya. Atakufata mupaka kwenye hii fimbo."

Papa Byamungu alitazama fimbo yake. Kisha akachukua kitunga.

"Toka hapa. Unaniziba mwangaza."

Ijumaa fuso la Bukavu lilifika limepakwa matope hadi kwenye vioo. Wimbo ukaanza, Déo mbele, gunia zito begani. Papa Katembo, mtu wa kutopoteza muda, hakungoja hata lori liondoke. Alichukua nyundo, akaingia kibandani na kuanza kung'oa misumari ya benchi upande mmoja. Régine alimfuata akimsihi, akimweleza habari ya kapita na mudogo na mukubwa.

"Sasa nimulazimishe Déo kunywa kwa fimbo?" Katembo alisema, akivuta msumari. "Hapana, mama. Tumejaribu. Aksanti."

Lori likafika nusu. Na hapo wimbo ukakatika ghafla, kama redio iliyoishiwa betri.

Getini alisimama Papa Byamungu. Koti la ibada, kofia ya zamani ya ukapita iliyokatika ukingo, fimbo imezama kwenye tope. Alitembea katikati ya wapakizi polepole, nao walishusha magunia mmoja baada ya mwingine, wakiita, "Kapita mukubwa! Kapita mukubwa!" Hakumjibu mtu. Alifika kibandani, akavua kofia, akapangusa nayo vumbi la benchi, akageuka kwa taabu na kuketi. Mwenyewe! Mchana kweupe! Gari ikiwa nusu! Régine aliziba mdomo kwa mikono yote miwili asipige kelele.

"Déo. Niletee maji."

Déo alipangusa buibui, akajaza kikombe, akampa kwa mikono miwili. Mzee akanywa, koo linapanda na kushuka, watu wote wanatazama koo hilo. Akakishusha kikombe.

"Hii sheria niliiweka mie. Hakuna mwengine anaweza kuitosha, njo maana nimekuja. Kuanzia leo, gari ikifika nusu, kapita njo wa kwanza kunywa, njo wa kwanza kuikala. Kapita mwenye hawezi kuikala, aache ukapita. Déo, ikala."

Déo alimtazama Régine, akamtazama patron, akaketi. Akanywa. Na weee! Hapo kiu ya miezi yote ilifunguka. Fiston aliruka kwanza, wengine nyuma yake, vikombe vinagongana, kila mmoja anasukuma kiuno apate nafasi kwenye benchi. Wakasahau, na nani angekumbuka, kwamba patron ameshang'oa misumari ya upande ule. Krrraa! Ncha ya benchi ikashuka, na wapakizi watano wakamwagika kwenye tope na vikombe vyao. Upande wa pili, mzee na Déo walibaki juu wakishikana mabega.

Kisha ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Dereva wa fuso alipiga honi akiwa hajui kwa nini. Papa Katembo alisimama na nyundo mkononi, akiwaangalia watu wake walivyolala chini wakicheka, wakinywa maji yaliyobaki vikombeni. Akaangalia na misumari kwenye kiganja chake.

"Sogeeni," alisema.

Akapiga magoti ndani ya tope na suruali yake ya biashara, akaanza kuirudisha misumari, mmoja mmoja, akiipigilia kwa nguvu kuliko fundi. Bila kuinua kichwa alimwambia Régine kwamba ana depo nyingine ya maharagwe kule Kingi, Masisi, na huko nako benchi limekaa bure.

"Nitaenda juma lijalo!" Régine alisema. "Kwanza nitauliza huko kapita ni nani."

Alikwenda kuketi karibu na baba yake. Alitaka kumshukuru, maneno yakawa mengi, akamshika mkono tu. Mzee alikuwa amekiinamia kikombe kilichokwisha maji, anakizungusha. Akamnyooshea Régine.

"Ongeza."

Régine akamjazia. Akanywa chote bila kupumua, akajifuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Régine," alisema kwa sauti ya chini, wapakizi wasisikie. "Miaka yote ile nilikuwa na kiu."