Siku Karani Hakwenda Getini

Kama hujawahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la rangi, huwezi kujua watu wanavyoweza kumchosha mtu. Mmoja anakuja na kibanzi cha plasta alichobandua ukutani, kidogo kama ukucha, anataka ndoo mbili za rangi hiyohiyo. Unamchanganyia, tone la nyeusi, tone la njano, unakoroga mpaka mkono unakufa ganzi, halafu anakodoa macho na kusema, "Si hii." Mwingine unamwonyesha krimu mbili zisizohusiana kabisa, anakujibu, "Ah, mama, si ni ileile tu!" Mwanamke wa habari hii alikuwa ameisikia hiyo "ileile tu" kwa miaka ishirini na mmoja, na bado ilikuwa inampandisha presha. Wateja walimwita Mama Rangi. Jicho lake lilikuwa kali kuliko mashine ya dukani, na ulimi wake, tuseme ukweli, ulikuwa mkali kuliko jicho.

Nyumbani aliishi na watu wawili na mbwa mmoja. Mumewe alikuwa msoma mita za maji, mtu mpole mpaka anakera. Wifi yake, dada wa huyo mume, alikuja kukaa wiki mbili na sasa alikuwa anaingia mwaka wa tatu. Mbwa aliitwa Karani, kwa sababu hakuna aliyepita getini bila kukaguliwa na kunuswa mfuko. Wale wawili Mama Rangi aliwavumilia. Karani alimpenda. Kila asubuhi alimsindikiza mpaka getini na kila jioni alimkuta palepale, mkia unafagia vumbi, hana kisingizio wala lawama.

Kitu kimoja kilimchosha katika nyumba hiyo kuliko wateja wote wakijumlishwa: hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo. Glasi ilivunjika yenyewe. Bomba lilijiacha wazi. Pasi ilijiunguzia shati.

"Nani kaacha bomba wazi?"

"Si mimi," anasema mume.

"Wala mimi," anasema wifi, mdomo umejaa mkate.

Basi Mama Rangi anapaza sauti, na akishapaza sauti majirani wanapunguza redio ili wasikose neno.

Jumamosi moja asubuhi alivaa viatu, akachukua mkoba, akatoka. Karani hakuinuka. Alikuwa amelala ubavu kwenye baraza ya jikoni. Alimtazama, mkia ukagonga sakafu mara moja, basi.

"Karani! Twende!"

Mbwa akajaribu. Miguu ya mbele ikasimama, ya nyuma ikakataa, akaketi, akalala tena. Alikuwa anahema haraka haraka, mdomo wazi, na asubuhi yenyewe ilikuwa na baridi.

"Anadeka huyo," alisema wifi kutoka mezani. "Umemzoesha vibaya. Mpe maziwa."

"Jana alikula?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, wifi! Sasa nimpimie mbwa chakula?"

Mume alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akasema labda kachoka. Kachoka na nini, jamani? Mbwa ambaye kazi yake ni kukaa getini!

Mama Rangi akapiga magoti na sketi yake ya kazini, akainua mdomo wa Karani kwa kidole gumba. Fizi za mbwa huyu alizijua. Zilikuwa waridi iliyokolea, rangi ambayo mteja akiitaka unatia nyekundu ya kutosha na kahawia kidogo sana. Sasa mbele yake alikuwa anaona kitu karibu na chokaa.

"Njooni muone fizi zake."

Wifi akainama, akatazama. "Mbona ni zilezile tu?"

Nitakuachia wewe ufikirie alichojibiwa.

Namba ya daktari wa wanyama alikuwa nayo, kwa sababu mwaka uliopita alimuuzia rangi ya zahanati na wakabishana nusu saa juu ya kijani. Daktari akapokea mara ya pili.

"Fizi zina rangi gani, mama?"

"Nyeupe iliyochanganywa na kijivu. Waridi imebaki kwa mbali sana, pembeni."

Daktari akamwomba arudie. Pengine daktari alikuwa hajawahi kujibiwa hivyo. "Bonyeza ufizi kwa kidole, uachie. Rangi ikirudi, nihesabie sekunde."

Akabonyeza. Akahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne.

"Inatakiwa irudi kabla ya mbili," alisema daktari. "Mlete sasa hivi. Msimpe chochote mdomoni, hata maji. Mbebeni juu ya kitu kigumu, tumbo lisibanwe. Mama, usingoje mchana."

Mama Rangi alirudia kwa sauti, "Asipewe kitu, hata maji." Alipokata simu, wifi alikuwa ameshachuchumaa na bakuli la maziwa, ametia na mafuta ya kupikia juu yake, anamsukumia mbwa mdomoni. Mama Rangi alilinyakua bakuli na kuyamwaga yote uani. "Nimesema kitu gani sasa hivi?"

"Hukusema na mimi, umesema na simu!"

Fundi sofa wa nyumba ya pili alikuwa na gari dogo la kubebea mizigo, na Mungu ashukuriwe, alikuwa bado hajaondoka. Walimlaza Karani juu ya ubao wa kitanda kibovu, mume kashika kichwani, fundi miguuni. Mume alijikwaa mara mbili kwenye hatua tatu za baraza. Mama Rangi akamwambia kama hawezi kubeba mbwa aseme, abebe yeye. Mume akaendelea kubeba. Njia nzima alikaa nyuma na Karani, jasho likimtoka, na mke alikaa naye huko huko akimpangia maswali. Umempa mifupa? Si mimi. Alitoka nje ya geti? Sijui. Kapigwa? Na nani? Wewe husomi mita za nyumba hii? Huoni kitu? Husikii kitu?

Zahanati ilikuwa chumba kimoja cha kungojea na kimoja cha kazi, mlango katikati. Daktari alimpapasa Karani tumbo, akachoma sindano ndogo ubavuni, akavuta. Sindano ikajaa damu.

"Anavuja ndani," alisema. Akawageukia wote wawili, hakupoteza maneno. "Nisikilizeni vizuri. Kuna mambo mawili hapa. La kwanza, wengu, yaani bandama, umepasuka. Kama ni huo, nampasua sasa hivi, nauondoa. La pili, amekula sumu ya panya, ile inayozuia damu isigande. Kama ni hiyo, nikimpasua atavuja mpaka aishe hapa mezani. Anahitaji dawa yake na damu ya mbwa mwingine, kisu hapana. Naweza kuweka damu yake kwenye kichupa ningoje nione kama itaganda, ila kungoja kwenyewe ndiko kunammaliza. Nyumbani mmeweka sumu?"

"Hatuweki!" alisema Mama Rangi. "Nilishapiga marufuku tangu paka wa jirani alipokufa. Si nilipiga marufuku?"

"Alipiga marufuku," alisema mume.

"Hakuna aliyeweka? Popote? Wiki hii, wiki iliyopita?"

"Hakuna," alisema mume.

"Ungefikiria kidogo, mzee."

"Hakuna, daktari."

Daktari akashusha pumzi, akaanza kuvaa glavu. Msaidizi wake akawasha mashine ya kunyolea na kuipeleka kwenye tumbo la Karani. Mama Rangi alikuwa amefungua mdomo amgeukie mumewe, amshike shati, ampasulie hapohapo: sema, wewe mwanamume, sema kitu siku moja katika maisha yako! Maneno yalishafika kooni.

Ndipo alipoona. Jicho lile lile linalotenganisha krimu na krimu. Daktari alikuwa ameuliza mara tatu, na mara zote tatu mume, kabla hajajibu, alimtazama yeye. Hakumtazama daktari. Hakumtazama mbwa. Alimtazama mkewe kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua, kuona kama anauma.

Akafunga mdomo. Ilimchoma mpaka machozi yakamlenga, hasira hasa, maana hakuna mahali alipotaka kuwa duniani zaidi ya pale kando ya meza ile, mkono kichwani mwa Karani.

"Daktari," alisema. "Mimi natoka nje. Muulize tena."

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake mpaka ukashika. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi, mzani na ule ukuta wa kijani ambao alishamwambia daktari utaonekana kama maji ya bwawa. Fundi sofa alikuwa anangoja nje garini. Mlango ulikuwa mwembamba. Akasikia mashine ya kunyolea inazimwa, kisha sauti ya mumewe, ya chini, inakwenda tu bila kukatika. Hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akizungumza muda mrefu hivyo. Sumu aliiweka Jumatatu. Ilikuwa nyuma ya tangi la maji, ndani ya kichwa cha samaki, kwa sababu panya walitafuna kadi za rangi za mkewe na mke akapiga kelele siku mbili mfululizo kwamba katika nyumba hii hakuna mwanamume wa kumaliza hata panya. Jumanne asubuhi kichwa cha samaki hakikuwepo. Akaomba Mungu iwe ni panya waliokila.

Nisikuweke roho juu: Karani alipona. Alitundikiwa damu ya mbwa wa daktari mwenyewe, dume moja nene lililolala usingizi wakati linatolewa, akachomwa vitamini K, akalazwa siku nne, na dawa alimeza wiki nyingi baadaye. Lakini saa ile hakuna aliyejua. Daktari alichungulia tu, akasema, "Umefanya vizuri kutoka, mama," akarudi ndani.

Mume akaja kukaa kwenye benchi, mbali kidogo. Mama Rangi alitazama ukuta.

"Mara tatu," alisema hatimaye. "Daktari kashika kisu. Ungeacha apasuliwe?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Kwa sekunde chache alitaka kucheka. Halafu hakutaka tena. Alikaa, mkoba mapajani. Wa kumkasirikia alikuwepo, sababu ilikuwepo, na kwa mara ya kwanza hakujua aanzie wapi.

"Kuna kingine?" aliuliza. "Chochote ambacho hukuniambia. Leo sisemi kitu. Sema."

Mume alifikiria. Kioo cha kabati, alisema, alikivunja yeye. Na pasi ilikuwa yeye. Na bomba, mara nyingi, yeye, isipokuwa ile siku ya mafuriko jikoni, hiyo alikuwa dada. Mama Rangi alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili na kutikisa kichwa kila kimoja kilipopita.

"Na kifua," alisema mume.

"Kifua gani?"

"Hiki changu. Nikipanda ngazi za maghorofa kusoma mita, kinabana, mkono huu unakufa ganzi. Tangu mwezi wa tatu. Leo tulipombeba Karani kilibana. Hata sasa bado."

Akamgeukia. Alimtazama mumewe usoni, mwangaza wa dirisha ulikuwa mzuri, na rangi aliyoiona pale, ile ya karibu na chokaa, hakuwa na haja ya kadi kuijua. Alikuwa amekunywa chai mbele ya uso huo kila asubuhi, miezi mitano.

Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Akaufunga. Akamwambia kwa sauti ndogo, ambayo mume hakuisikia vizuri akaomba airudie, kwamba asisimame, akae hapohapo aegemee. Kisha akaenda mlangoni upesi kumzuia fundi sofa asiondoe gari: ilibaki safari ya hospitali.