Mafuta Yasiyo na Chenga

Nimefungua kopo la mafuta niliyopika jana, na harufu ya ufuta na nta imenirudisha jikoni kwa bibi, Newala.

Mikono ya mama ilikuwa imebabuka kwa kubangua korosho. Bibi aliyeyusha nta kwenye mafuta ya ufuta, akakalisha sufuria juu ya mchanga uliolowa chini ya mtungi wa maji ya kunywa, maana maji ya ziada ya kupoozea hatukuwa nayo. Akakoroga bila kupumzika, yasigande chengachenga.

"Bibi, si tayari?"

Akajipaka kidogo kwenye kope, penye ngozi laini, kuyapima. "Bado. Yatamkwaruza mama yako."

Akayarudisha motoni. Mara ya tatu ndipo akamwita mama, akampaka mikononi, na mama akafumba macho kwa raha.

Leo nami nimejipaka kwenye kope. Nimewasha jiko tena.