Nilimkana Mjomba Mlangoni pa Darasa

Kosa ni langu, wala sitamsingizia shetani. Miaka mitatu limenikaa kooni, nimeshindwa kulimeza.

Mimi ni mwalimu, Mdigo wa Msambweni. Siku ya kuandikisha watoto alikuja mzee kutoka Kikoneni, miguu imejaa vumbi, amemshika mkono mpwa wake, Mwanasiti. Nafasi ilikuwa imebaki moja.

"Jina la baba?" nikauliza.

"Niandike mimi, mwalimu. Ndimi mjomba wake."

"Daftari lataka baba, mzee, si mjomba!"

Akacheka, akidhani namtania. "Ah, mwalimu! Wewe si wa kwetu? Mtoto ni wa mjomba, wajua."

Wallahi nilijua! Mdigo gani asiyejua kwamba kwetu ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto? Lakini mkaguzi wa Kizungu alikuwa ameketi pembeni, na asubuhi ile ile alikuwa ameniambia mila zetu zaturudisha nyuma. Nikaona haya. Haya gani hizo, jamani! Nikapaza sauti ili anisikie: "Ushenzi huo uacheni huko huko Kikoneni. Mlete baba!"

Baba mtu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, mbali. Mzee akasema tu, "Haya, mwalimu," akaondoka na mtoto. Nafasi nikampa mwengine.

Na mimi nilisomeshwa na nani? Na mjomba! Baba yangu hata kalamu hakuninunulia.

Habari zikamfikia mjomba wangu. Nilipokwenda kumwomba anisimamie posa, nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Marahaba sikuipata.

"Mpeleke baba yako," akasema. "Mjomba ni ushenzi. Si ulisema wewe?"

Kwa kina binti niliyemposa waliuliza mjomba wangu yuko wapi. Bila yeye posa ikafa pale pale.

Mwaka huu nikafunga safari hadi Kikoneni kumtafuta Mwanasiti, nimwandikishe kwa mkono wangu. Nimechelewa! Umri wa darasa la kwanza umempita. Nilimkuta akitwanga mahindi. Akaniamkia kwa adabu.

"Wanijua?" nikamwuliza.

"Nakujua. Ndiwe uliyemtukana mjomba."

Astaghfirullah! Walimu wenzangu, nawasihi, msiwaonee haya watu wenu mbele ya mgeni. Mkaguzi yule alihamishwa zamani, na jina langu hakulishika hata siku moja. Mwanasiti hajanisahau.