Soda Kutoka Kanombe

Mwaka wa pili wa vita vya Rwanda, nikiwa na miaka ishirini na minne, nusura niolewe katika familia moja ya Kanombe iliyojiona imeshushwa na ndege. Baba yao alikuwa karani pale kwenye uwanja wa ndege, akapiga mihuri kwenye mizigo mpaka akafa, lakini mjane wake aliongea kana kwamba marehemu ndiye aliyezirusha ndege zenyewe. Sebuleni mwake kila kiti kilivalishwa kitambaa cha kufuma, na Kifaransa alikitoa kwa ajili ya wageni tu, pamoja na vikombe vya kabatini.

Sisi tulikaa mtaa wa Muhima. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam, na kwetu Kiswahili kilizungumzwa bila aibu. Kwa yule mama hilo lilitosha: Kiswahili ni cha wahuni, basi na mimi mhuni. Alimwambia mwanawe hivyo nikiwa nimeketi mbele yake, kwa Kifaransa, akidhani sielewi. Nilielewa vizuri sana. Nilikisoma miaka sita.

Mwanawe nilimpenda. Nasema wazi, maana bila hilo ningewacheka tu nikaondoka zangu. Alikuwa mpole, na kila mama yake aliponidharau, aliniambia tukiwa njiani, "Mama iko hivyo tu. Utamuzoea. Mimi siko kama yeye." Nikayashikilia maneno hayo ya mwisho. Nilijiambia naolewa na mtu, siolewi na ukoo. Wasichana wajinga wote hujiambia hivyo, na mimi sikutaka kupitwa.

Jumapili moja mchana wakaja kwetu kujulishana. Baada ya hapo nilitakiwa kutoa jibu langu. Mama alikuwa ametumia wiki nzima kutengeneza pombe ya mtama. Baba akafanya kama kila mwenyeji wa Rwanda: alichukua kibuyu, akavuta mrija yeye kwanza mbele ya macho yao, mgeni ajue hamna sumu, kisha akamkabidhi mama wa kijana.

"Karibu, mama. Iko tamu, nimeonja."

Yule mama akatabasamu, akafungua mkoba wake wa kanisani, akatoa chupa ya soda. Akatoa ya pili, akampa mdogo wake wa kike aliyekuja naye.

Siku zile watu walikuwa wameanza kuogopana, uvumi kila kona, lakini hata waoga walijua kugusisha mdomo na kurudisha kibuyu kwa heshima. Huyu alibeba soda yake kutoka Kanombe, imeshapata moto kwa jua, ili atuonyeshe tu sisi ni watu wa namna gani. Mama yangu aliinamisha uso, na mimi nilitamani kumtoa yule mwanamke nje kwa kumkokota.

Baba, kwa ustaarabu wake, akampa kijana kibuyu. Akanywa. Akanywa kweli, niliona koo likipanda na kushuka, nikafurahi kijinga. Nikawaza: mtazameni mwanamume wangu.

Ndipo mama yake akamnyooshea ile chupa bila kusema neno. Naye akaweka kibuyu chini, akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa kifungulio. Akafungua ya mama, akafungua ya mama yake mdogo, akakirudisha mfukoni kwa utulivu kabisa.

Nani anakwenda kujulishwa kwa wakwe na kifungulio cha chupa mfukoni? Alijua tangu Kanombe. Njia nzima alikaa karibu na ule mkoba, chupa zikigongana, na hakuona la kusema.

Jumatano akaja kuchukua jibu. Nikamwambia hapana. Akauliza, karibu alie, kama ni kwa sababu ya mama yake.

"Mama yako hana kosa," nikamwambia. "Yeye alileta soda tu."

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti.