Miaka Yote Uso Juu ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kibao cha kisogo. Ilikuwa pwani ya Kunduchi, kwenye hoteli moja ya wageni, na aliyenipiga alikuwa Mkuu wa Michezo ya Maji, mzee mfupi mwenye sauti kubwa ambaye filimbi haikumtoka shingoni hata akienda msikitini. Alikuwa amenivalisha miwani ya maji, ile ya kioo kimoja inayofunika macho na pua, akanipa mrija wa kupumulia, tukawapeleka wageni kwenye matumbawe ya kisiwa cha Mbudya. Mie kijana wa Tegeta nikaona nimeula. Kufika tu, nikazamisha uso niwaone hao samaki wanaofuatwa na watu kutoka Ulaya. Pumzi ya kwanza haijaisha, paa!

"Unafanya nini wewe?"

"Naangalia samaki, Mkuu."

"Samaki anaangaliwa na mgeni. Wewe muangalie mgeni. Wote mkiangalia samaki, nani yuko kazini hapo?"

Nikanyanyua uso, na ndugu zangu, sikuuteremsha tena mpaka nimestaafu. Watu wakisikia nimefanya kazi Mbudya maisha yangu yote wananiuliza samaki wa kule wakoje. Nawajibu yale niliyoyasikia kwa wageni. Wao ndio walikuwa wakiibuka wanapiga kelele, sijui wameona kasa, sijui mkunga, yule samaki kama nyoka, katoa kichwa pangoni, na mie naitikia tu huku macho yangu yako kwa mwingine.

Nyie vijana mnaoifanya kazi hii leo nawaona. Mna kamera zisizoharibika kwa maji, mnapiga picha na wageni, mnacheka nao, mnawarushia kwenye simu kabla hata hamjafika ufukweni. Sawa, dunia imebadilika. Ila mnaponiambia kazi ni kumfurahisha mgeni, damu inanichemka. Mgeni anajifurahisha mwenyewe. Wewe kazi yako ni kumrudisha.

Kumrudisha kulikuwa na taratibu zake. Kwanza unajua maji. Yakiwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, mkondo ni mpole na unaweza kwenda hata na bibi kizee. Likija bamvua, maji yanajaa kupita kiasi na kutoka kwa nguvu, na mtu anavutwa huku mwenyewe anadhani amesimama palepale. Halafu unamfundisha mgeni kutemea mate kioo cha miwani na kukisuuza, kisipate ukungu. Hapo kina mama wa Kizungu walikuwaga wanakunja sura. Tema, mama, ama ukaangalie ukungu! Mwisho unamvalisha mapezi, yale ya mpira mfano wa miguu ya bata, na ukishamvalisha hayo usiyatoe macho kwake.

Nasema mapezi kwa sababu mtu aliyelala kifudifudi juu ya maji haoneshi uso. Anayefurahia samaki na anayekufa wamelala vilevile. Hapigi kelele wala hanyooshi mkono kama kwenye sinema. Kitu pekee kinachomtofautisha ni miguu. Mapezi yakitulia, unakwenda, na unakwenda bila kuuliza.

Nililijua hilo siku alipokuja bwana mmoja na mkewe, wametoka tu kuoana. Maji mafu, bahari kama sinia, kila mtu amelala anaangalia chini. Mie nazungusha macho nahesabu vichwa, nikaona mapezi ya yule bwana yametulia na mrija wake umelala upande, maji yanaingia. Nikaogelea. Nilipomgeuza midomo ilikuwa imeshabadilika rangi. Nahodha wetu akamvuta kwenye boti, tukamkandamiza kifua, tukamkandamiza, hata mie nikaanza kusoma kalima. Kisha akatapika maji na kukohoa. Mkewe alikuwa anajipiga mapaja: "Nilikuwa ubavuni kwake! Nilidhani anaangalia samaki!"

Tulipofika pwani Mkuu wa Michezo ya Maji hakunisifu. Alisema tu, "Sasa umeajiriwa."

Na ni kweli, tangu hapo niliajiriwa usingizini, msikitini, kila mahali. Utulivu ulinitoka jumla. Nikikaa na watu wanane natafuta wa tisa yuko wapi.

Hoteli ile ilipobadilisha wenyewe nilihamia kampuni moja ya utalii, nikawa kiongozi wa wageni majini. Huko bosi wangu alikuwa Meneja, mwanamke wa Kingoni kutoka Songea, mchapakazi, asiyejua kuogelea na asiyetaka kujua. Siku moja aliniita ofisini.

"Mzee Shomari, wageni wanasema wewe hucheki."

"Nikicheka nafumba macho, Meneja."

"Basi cheka kidogo, jicho moja."

Yeye akacheka mpaka akafuta machozi. Aliniheshimu sana yule mama, na siku za bamvua kali nikisema leo hatutoki, hakuna mteja aliyeweza kumbadilisha msimamo. Nilifanya naye kazi mpaka magoti yakagoma kupanda ngazi ya boti.

Sasa nina binti yangu wa mwisho, Zuhura. Alipokuwa shule ya msingi hakuna Jumamosi aliyoniacha nitoke salama. Atakaa mlangoni ameshika kandambili zangu: "Baba, nipeleke Mbudya nikaone samaki." Namwambia wiki ijayo. Wiki ijayo wageni wamejaa, namwambia wiki ijayo tena. Alipoingia sekondari akaacha kuuliza. Akasomea uuguzi, akapata kazi ng'ambo, kwenye kisiwa kimoja cha Karibiani ambacho sie hapa hatukuwahi hata kukisikia. Aliondoka bila kujua kuogelea, mtoto wa mwambao yule.

Kustaafu nako kukanishinda. Tulikuwa tumeshahamia Bunju, nyumba yetu ina baraza nzuri, upepo upo, lakini kukaa siwezi. Natoka, narudi, natoka. Siku moja kwenye harusi ya jirani nikaanza kuhesabu watoto waliokuwa wanaruka chini ya maturubai, nikasimama nikapiga kelele mmoja hayupo. Kumbe kaenda chooni. Mama Zuhura akanivuta kanzu: "Hebu kaa chini, baba! Hii shughuli, siyo bahari!"

Ndipo Zuhura akapiga simu kwamba anataka tukamtembelee. Mama yake alikataa katakata. "Masaa yote hayo juu ya maji? Nenda wewe uliyezoea." Nikaenda peke yangu. Kwenye simu Zuhura alisema jambo moja tu: "Baba, huku watu wanakuja kuangalia samaki kama Mbudya. Safari hii nataka tuingie majini mimi na wewe."

Kisiwa chenyewe nikakikuta na jua letu, minazi yetu, na mihogo wanakula. Siku mbili tatu nilizunguka ufukweni sijui pa kuweka mikono. Kisha Zuhura akapata ruhusa kazini, tukapanda boti na watalii wengine. Kiongozi alikuwa kijana mwenye kamera, mcheshi, jicho liko kwenye kioo cha kamera. Nikaanza kuungua moyo.

Tukaingia. Zuhura amevaa jaketi la kuokolea, amenishika mkono, anatetemeka kama kifaranga aliyeloa. "Usiniachie, baba." Nikamwambia sikuachii. Akazamisha uso, akaibuka, akazamisha tena. Na mie hapo, badala ya kushuka naye, macho yangu yameshakwenda. Kwa mbali kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu amelala kifudifudi, pembeni ya wenzake wote. Mapezi yametulia.

Nikaachia mkono nikaenda. Magoti mabovu, kifua kinawaka, nikamfikia, nikamgeuza. Mzee mwenzangu akanitolea macho, akatema mrija, akanitukana. Alikuwa ametulia ili asimtishe kasa. Yule kijana wa kamera akanifuata: "Mzee, tulia. Hapa wewe ni mgeni."

Nilipogeuka, Zuhura alikuwa ameng'ang'ania ngazi ya boti kwa mikono miwili anakohoa. Alikuwa amekunywa maji. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha. Tulipofika ufukweni akakaa mchangani.

"Baba, umeniachia mkono."

"Yule mtu nilidhani anakufa, mwanangu."

"Najua. Tangu nina akili zangu unawahofia watu wengine. Wageni wa dunia nzima umewapeleka Mbudya. Watoto wao umewafundisha kuelea. Mie nilikukosea nini?"

Hasira zikanipanda, sitaki kudanganya. "Nilikuwa kazini, Zuhura!"

"Na leo je?"

Lo! Nilitamani ile filimbi ya Mkuu ilie mahali niinuke nikimbie. Halafu nikasema lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mama yake.

"Unajua kwa nini sikukupeleka? Wewe ungekuwa majini, mie nisingeona mtu mwingine. Wangezama wote nakuangalia wewe tu. Nisingeweza ile kazi."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua."

"Nilikuwa mtoto, baba. Ningejuaje?"

Nawaandikia haya nikiwa barazani hapa Bunju, na bado nainuka kila mara kuangalia nani kapita. Hamna dawa ya hilo, msije mkadhani nimepona. Mkiniuliza kama ningeifanya tena kazi ile kwa namna ileile, nitawaambia ndiyo, maana yule bwana harusi alirudi akiwa hai pamoja na mkewe. Sijutii kunyanyua uso. Ninachowaambia nyie wenye watoto ni kwamba mtoto haoni sababu, anaona mgongo wako unaondoka. Mwambieni. Kumwambia hakuchukui muda, na mie sikuwahi kumwambia.

Siku ya mwisho kabla sijapanda ndege, Zuhura alikuja asubuhi na miwani mbili za maji na mirija miwili. Nikamwambia bahari imechafuka, boti hazitoki. Akasema hataki boti. Nyuma ya nyumba aliyopanga kulikuwa na ghuba ndogo iliyokingwa na mawe, maji yake ya kiunoni. Akatema mate kwenye kioo chake, akasuuza, akanitemea na changu.

"Weka uso, baba."

Nikaweka, nikanyanyua. Kulikuwa na watu wanaoga upande wa pili. Nikaweka, nikanyanyua tena. Shingo ilikuwa inainuka yenyewe, nawaapia, kama siyo yangu.

Akanishika mkono kwa nguvu. "Sikiliza. Leo una mtu mmoja tu na umemshika. Nikipata shida nitakuminya. Na mie ni muuguzi, wewe ukipata shida nitajua. Weka uso."

Nikaweka. Kwanza niliona mchanga. Kisha jiwe, na kwenye jiwe pono, samaki wa kijani mwenye meno kama ya mtu, anatafuna lile jiwe na sauti yake naisikia, krr, krr. Wageni walikuwa wakinielezea sauti ile na mie nadhani wanatia chumvi. Wakaja wengine wadogo wa njano, kundi zima, wakapita katikati yangu na mwanangu bila habari na sisi. Huko juu mtu alipiga ukelele wa kucheza. Shingo ikashtuka. Mkono wa Zuhura ulikuwa umetulia ndani ya wangu, nami nikabaki chini.

Sijui tulikaa muda gani. Alinyanyuka yeye kwanza, akanivuta bega.

"Baba, miwani yako inavuja? Imejaa maji."

Nikaivua. Nikamwambia haivuji, ni mimi nalia. Akaniuliza kama nataka tutoke. Nikamwambia hapana, nikaimwaga maji, nikaivaa, nikamshika mkono, tukarudi chini.