Weusi wa Ghalani

Mteuzi wa kampuni, anayeipangia tumbaku madaraja, alipofungua robota la kwanza la Alute Mughwai, hakulinusa, wala hakuligusa zaidi ya ncha ya kidole. "Jeusi. Daraja la mwisho," alisema, na marobota sita yakapita vivyo hivyo. Alute alijaribu kueleza kwamba majani yale yalitoka kwenye bani la kukaushia yakiwa na rangi ya chungwa bivu. Kwamba soko liliahirishwa mara tatu. Na kwamba tumbaku ikirundikwa miezi minne katika ghala lililofungwa, lenye joto, hutoa jasho, ikageuka nyeusi. Aliamriwa asogee, arudi kesho kutia sahihi. Akitia, amelikubali daraja. Asipotia, marobota yabaki palepale, na msimu ujao asahau mbolea ya kampuni.

Alirudi kijijini kwake, nyuma ya mji mdogo wa Mkiwa, akajibwaga juu ya kuni za bani zilizosalia. Miaka ishirini na miwili ya tumbaku ilikuwa imemwachia mgongo uliopinda na kifua kinachokoroma. Mkewe, Kristina, alimtazama usoni, naye akamweleza habari ya daraja na ya sahihi.

Alasiri alifika Chediel, mtoto wa dada yake, dereva wa watalii.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umetuletea sukari?"

"Nimeleta moshi."

Akatoa sigara nene kama kidole gumba, nyeusi tii, iliyoviringishwa kwa majani matupu bila karatasi. Alipewa na mgeni wake. Wanaozitengeneza huiita maduro, yaani iliyoiva.

Alute aliigusa kwanza kwa ulimi, kama baba yake alivyokuwa akilipima jani la ugoro kabla ya kulisaga. Ilikuwa na utamu wa mbali, kama sukari guru. Kisha akaiwasha kwa kaa la moto na kuvuta kwa kifua chote, kama avutavyo msokoto wake wa gazeti. Alikohoa hadi machozi yakamtoka.

"Haumezwi huo, mjomba! Unauonja mdomoni, unautoa."

"Moshi usiomezwa ni wa kazi gani?"

"Wa matajiri," Kristina alidakia. "Wao hata moshi wanamwaga."

Alijaribu tena, polepole. Ikaja ladha ya kahawa iliyoungua, kisha ya udongo ulioloa, kisha pilipili ikamchoma puani.

"Wanaifanyaje iwe nyeusi hivi?"

"Wanairundika itoe jasho, miezi mingi. Ila kuna mtu kazi yake ni hiyo: anapima joto, anaigeuza. Ikitoka nyeusi hivyo, ndipo bei inapanda."

Alute alijua kwamba mbegu ile ni nyingine, na kwamba jani lake lisingefaa kuwa sigara ya mgeni. Lakini kule weusi una msimamizi anayelipwa na kuulizwa. Huku weusi ulifanywa na waliofunga ghala wakaondoka, na aliyeulizwa ni yeye.

"Basi kesho utatia sahihi?" Kristina aliuliza.

"Sitii."

"Na mbolea?"

"Nimechoka, mama Damari. Lakini sitii."

Hakutia. Marobota yake bado yamo ghalani.

Ninyi mnaoshika funguo za ghala hilo, na ninyi mnaowatuma wateuzi: fungueni, mkayapime upya marobota ya Alute mbele yake. Mlipeni kwa jani alilowakabidhi, si kwa jani mliloliharibu. Mkiahirisha soko, hasara iwe yenu. Na mbolea yake mpeni kabla ya mvua.