Kilo Sitini na Moja

Kila alfajiri hapa Bunju, yule dada karani wa shule humwamkia mlinzi wa pagale la ghorofa tatu, hujitwika kiroba cha mchanga begani na kupanda nacho ngazi. Mara kumi, ameuma meno. Anajiandaa kwa mchujo wa waokoaji wa kujitolea. Kiroba alikipima mwenyewe kwenye mizani ya muuza mkaa: kilo sitini na moja.

Leo mlinzi kashindwa kuvumilia. "Si walisema hamsini zinatosha, mwanangu?"

"Mama alikuwa na sitini na moja, baba. Maji yalipoingia ndani nilimbeba, nguvu zikaniishia mlangoni."

Mzee akamtazama akikitua kiroba polepole, kiganja kimetangulia chini, pale ambapo kichwa kingegusa sakafu.